Kitunguu cha Edna

Ukiteremka kutoka Karatu kwenda Mang'ola, ukishamaliza kona zote na kumeza vumbi la kukutosha mwaka mzima, bonde la Eyasi hufunguka mbele yako, jeupe kwa magadi, na upepo wa moto hukupokea kabla mtu hajakupokea. Huko mvua ni habari ya kuhadithiwa. Watu huishi kwa mifereji. Maji hutoka kwenye chemchemi, hugawanywa kwa zamu, na kila yanapopita huota vitunguu, mpaka unanuka vitunguu wewe, nguo zako na shuka unalolalia.

Katikati ya vitunguu hivyo kuna hekalu la Kihindu. Najua utasema nakudanganya. Hata watalii wanaokwenda kuwaona Wahadzabe hudhani ni jua limewapiga. Husimamisha landkruza, hushuka, hupiga picha, humuuliza mwongozaji wao, na yeye, kwa kuwa hajui na hawezi kusema hajui, hutunga. Ni jengo la mawe meupe na ya rangi ya waridi. Lina nguzo ishirini na nne, kila nguzo imechongwa tausi na tembo na wanawake wanaocheza, na juu lina minara mitatu inayopanda ngazi kwa ngazi. Mzee Jivraj, aliyekuwa mwenye shamba, alileta mafundi kutoka Gujarati, wakachonga miaka sita. Halafu mzee akafa, wanawe wakahamia Arusha na Ulaya, na hekalu likabaki na mbuzi, na upepo, na mtu mmoja wa kulitunza.

Mtu huyo alikuwa Antonia binti Piusi, Mwiraqw wa Mbulu kwa asili, Mkatoliki kwa ubatizo, mwenye miaka arobaini na sita na mikono iliyochanika kwa kukata vitunguu. Kila asubuhi alivua ndala kwenye ngazi, akafungua mlango mkubwa wa mbao, akagonga kengele mara tatu, akamwamsha Mataji. Alifundishwa hivyo na baba yake, mzee Piusi, mlinzi wa hekalu tangu enzi za Jivraj, na Piusi alifundishwa na mke wa Jivraj mwenyewe. Mataji ni mungu wa kike wa Wahindu, lakini Piusi hakufundishwa dini, alifundishwa kazi. Aliambiwa hivi: huyu si jiwe, siku ya kuwekwa alitiwa uhai, kwa hiyo ni mtu anayeishi humu. Anaamshwa. Anaogeshwa, anavishwa, analishwa. Mchana anafungiwa pazia apumzike, jioni anawashiwa taa. Asiachwe na njaa na asiachwe peke yake. Na chakula chake kisiwe na nyama, wala yai, wala kitunguu cha aina yoyote.

Hapo Piusi alikuwa akicheka kila alipohadithia. Malori yanajazwa vitunguu mpaka yanalia, na mwenye nyumba nzuri kuliko zote bondeni hali kitunguu!

Mataji alikuwa wa marumaru nyeupe, kimo chake dhiraa moja, macho makubwa ya kuchorwa, uzito wake ndoo ya maji iliyojaa. Antonia aliujua uzito huo kwa sababu alimbeba kila siku mpaka kwenye beseni. Wahindu wenyewe huwa hawambebi namna hiyo, humwogesha palepale alipo, lakini hakuna aliyewahi kumwambia. Alimpakata, akammiminia maji ya vuguvugu, akamfuta kwa khanga laini, akamvisha gauni jeupe lenye lesi shingoni. Mtu wa kanisani angelitambua gauni hilo mara moja. Lilikuwa la ubatizo.

Lilikuwa la Edna.

Edna alikuwa mtoto wa pekee wa Antonia. Alikuwa na miaka minne, mweusi tii, mwenye pengo mbele na tabia moja iliyowachekesha vibarua wote: alipenda kitunguu kibichi na chumvi. Watoto wa wenzake walililia pipi, yeye alililia kitunguu. Miaka kumi na miwili iliyopita, siku ya kukata vitunguu majani yake, Antonia akiwa amekaa chini na wanawake wenzake kwenye rundo, zamu ya maji ilifunguliwa huko juu, mfereji ukajaa kwa mkupuo mmoja, na Edna alipatikana saa mbili baadaye kwenye bwawa lililo nyuma ya hekalu. Walipomuuliza mama yake ilikuwaje, alisema mtoto alikuwa anacheza. Hakuna aliyeuliza zaidi, na yeye hakusema zaidi.

Sasa sikia watu walivyo. Mama mkwe wake Antonia alikuwa mwanamke wa rozari, hakosi misa, lakini msiba ulipoingia alikumbuka mwiko wa wazee wa Kiiraqw, ule wanaouita metimani. Aliyefiwa na mtoto hukaa kando. Hashiki kata ya wenzake, hapeani mkono, hapiti kati ya mashamba ya watu yasije yakakauka. Siku hizi wengi wameuacha, na hata zamani ulikuwa na mwisho wake, siku ya kuchinja na kutakaswa. Mama mkwe aliuanzisha, halafu akafa kabla hajaumaliza. Mume wa Antonia alishakwenda Mbulu akaoa mwingine. Akabaki shemeji yake, Aloyce, ambaye baadaye alichaguliwa mwenyekiti wa kitongoji, na Aloyce hakutaka kushika jambo ambalo mama yake hakulishika. Basi mwiko ukabaki hivyohivyo, mwaka baada ya mwaka, hakuna anayeusema na hakuna anayeuvunja.

Wakamvua na jina pia. Zamani alikuwa Mama Edna, kama mwanamke yeyote anavyoitwa kwa mtoto wake. Baada ya hapo kumwita hivyo kukawa kumtaja marehemu, watu wakaacha, wakarudi kumwita Antonia kama msichana. Iliuma. Iliuma kuliko kunyimwa kata.

Ndipo baba yake alipomwambia: njoo hekaluni, nyumba hiyo si ya kwetu, miiko ya kwetu haiijui. Alikwenda. Piusi alipofariki alibaki na funguo.

Mwaka wa pili wa kazi hiyo alifanya jambo ambalo mtu wa bonde lile tu angelifanya. Jioni moja alimaliza kuwasha taa, akamtazama Mataji ndani ya lile gauni, akaona uso wa mtoto asiyepewa anachokipenda. Akatoka mpaka kwenye tuta la karibu, akang'oa kitunguu kimoja kidogo, kingali na udongo wake, akakiweka nyuma ya debe la mafuta ya taa pamoja na chumvi kwenye kipande cha karatasi. "Usimwambie mtu," alisema. Akafunga mlango akaenda kulala.

Asubuhi alikuta nyayo.

Zilikuwa nyayo za maji, ndogo, za miguu mitupu, kwenye sakafu ya marumaru. Zilianzia mlangoni, mlango ambao aliufunga yeye na ambao ufunguo wake ulikuwa shingoni mwake, zikapita kati ya nguzo na kuishia mbele ya Mataji. Zilikwenda ndani tu. Hazikutoka. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikaa upande kidogo, na Antonia alikijua kidole hicho kwa sababu alikizaa. Nyuma ya debe chumvi ilikuwa vilevile. Kitunguu hakikuliwa. Kilikuwa kimeoshwa, hakina chembe ya udongo, na maji yalikuwa bado yanadondoka kwenye mizizi.

Aliogopa, nisikufiche. Akakaa chini, meno yakagongana katika joto la Eyasi. Halafu akalia, na kilio chenyewe kilikuwa cha furaha. Akavua khanga yake ya juu, akafuta sakafu kabla ya kupambazuka vizuri asije mtu akaona. Jioni akaweka kitunguu kingine.

Akaendelea hivyo miaka kumi. Kila jioni kitunguu na udongo wake, kila asubuhi nyayo na kitunguu safi. Alimwita Edna waziwazi sasa, wakiwa wawili. Alimsimulia nani kaoa, pampu ya nani imekufa, lori gani limepinduka kwenye kona. Huko nje alikuwa mtu wa kupishwa njiani. Humu ndani alikuwa mama. Kama ungemuuliza ni nini hasa alichonacho duniani, angekuonyesha ile sakafu yenye maji.

Kisha simu ikaja kutoka Arusha. Alikuwa Nimisha, mjukuu wa mzee Jivraj, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, sauti yake ya upole.

"Mama Antonia, shikamoo. Nina habari, sijui utaipokeaje." Akaeleza. Shamba limeuzwa. Kampuni iliyonunua inataka kulifanya hekalu stoo ya vitunguu. Familia imebaki yeye na shangazi mgonjwa, hakuna wa kuja kusali. Kwa hiyo watakuja Jumamosi ijayo na kuhani wao, Maharaj, kumuaga Mataji kwa heshima. Kwa desturi yao Mataji haachwi kwenye nyumba tupu na hauzwi pamoja na kuta. Huombwa aondoke, kisha hupelekwa majini.

"Majini wapi?" aliuliza Antonia.

"Lile bwawa la nyuma. Babu alilichimba kwa ajili hiyo hiyo."

Antonia alikata simu bila kuaga. Alikaa kwenye ngazi mpaka jua likamfikia miguuni, na akajiambia neno moja tu: hapana. Mara ya kwanza maji yalipomchukua mtoto, yeye hakuwepo. Mara ya pili yupo, ana macho, ana mikono, ana funguo.

Jumamosi waliwasili saa tatu asubuhi na gari lililopauka kwa vumbi. Nimisha alishuka na kapu la maua. Maharaj, mzee mwembamba mwenye miwani na shuka jeupe, alishuka akiwa ameshika kiuno, maana barabara ile haina huruma na kuhani wa dini yoyote. Aloyce alikuwa amewatangulia, kofia mkononi, akiwa na uso wa mwenyekiti anayetaka shughuli iishe. Mlango wa hekalu ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Antonia!" Aloyce aligonga kwa ngumi. "Fungua bwana! Watu wametoka Arusha toka saa kumi na moja!"

Akagonga tena.

"Antonia, acha mambo ya ajabu. Hiyo mali ni ya wenyewe!"

"Shemeji, nenda zako," sauti ilitoka ndani. "Siku ile hukuja. Na leo usije."

Aloyce alirudi nyuma hatua mbili kama aliyemwagiwa maji. Nimisha ndiye aliyevua viatu, akapanda ngazi, akakaa sakafuni kizingitini, mgongo wake kwenye mlango.

"Mama Antonia, ni mimi. Sitavunja mlango wako."

"Nisikilize, dada. Huyu mtoto haendi majini."

Nimisha alisikia neno mtoto, akalinyamazia. "Bibi yangu alinileta hapa nikiwa mdogo," alisema. "Nilitaka Mataji aje na sisi Arusha, nikalia sana. Bibi akaniambia hahamishwi kama kabati. Nikauliza, na nyinyi mkifa je? Akasema kabla hatujafa lazima tumuage, kwa sababu kumwacha hapa bila mtu ni kumfungia mtoto ndani ya nyumba na kuondoka na ufunguo." Akaegemeza kichwa mlangoni. "Mimi niliondoka na ufunguo, mama. Wewe ndiye uliyemtunza. Sitakuamuru. Nakuuliza tu: siku utakayokufa, nani atamwogesha?"

Ndani, Antonia alikuwa amempakata Mataji mbele ya madhabahu. Asubuhi hiyo hakufuta sakafu. Nyayo zilikuwa pale, bado zina unyevu, zimemzunguka yeye sasa, na pembeni yake kitunguu kilichooshwa. Swali lilimwingia mahali ambapo makelele ya Aloyce hayangefika. Alijiona ni mzee, kisha maiti, wamembeba kwenda makaburini, na huku mtoto anaingia na miguu yake ya maji ndani ya stoo ya vitunguu, anatafuta mtu kati ya magunia, hakuna mtu. Alimwonea huruma. Akakiokota kile kitunguu, akaondoa komeo.

Maharaj aliingia, akaona gauni la ubatizo, akavua miwani akaifuta. Aliona maji sakafuni, akadhani ni ya kuogeshea, akayakwepa. Alipokwenda kuchukua mafuta ya taa, akakuta chumvi.

"Hii nini?" Akatazama mkononi mwa Antonia. "Na hicho je? Kitunguu? Mbele ya Mataji?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Miaka kumi. Kila siku."

Maharaj alikaa kitako. Alionekana kama mtu aliyesafiri kilomita mia mbili kuja kusikia jambo la kumtoa roho. Nimisha alizungumza naye kwa Kigujarati, naye akajibu kwa kifupi, mara mbili, na hasira yake ikapungua kidogo kidogo. Mwishowe akamgeukia Antonia kwa Kiswahili.

"Mama, kabla ya kuaga kuna sala ya kuomba msamaha. Kila anayetumikia hukosea, kwa hiyo sala hiyo huwa ninawasemea. Lakini hili siwezi kukusemea. Mwambie mwenyewe, kwa kinywa chako. Mwambie ulimpa nini na kwa nini. Bila hivyo haondoki."

Antonia alimweka Mataji kwenye kiti chake, akapiga magoti. Mkono wake ukajipiga kifua wenyewe, kanisa halimtoki mtu kirahisi.

"Nimekosa," alisema. "Nilikupa kitunguu na nilikatazwa. Nilikupa kwa sababu Edna wangu alikipenda. Nilikufanya Edna. Nikakuvisha nguo yake." Aloyce alikuwa amesimama mlangoni, kofia imekunjika mikononi. "Siku ile sikuwaambia kweli. Niliwaambia alikuwa anacheza. Hakuwa anacheza. Alikuja kwangu kwenye rundo, kashika kitunguu kimoja, kina udongo. Akasema mama, nataka chumvi. Mimi mikono imechafuka, msimamizi anatuhimiza, lori linasubiri. Nikamwambia kwanza kakioshe. Nikamwonyesha mfereji kwa kisu. Nikamwambia kaoshe, ndiyo uje nikupe chumvi."

"Akaenda," alisema Antonia. "Ni mtoto msikivu. Nikimtuma, anakwenda."

Macho yake yalishuka kwenye kitunguu kilicho mkononi mwake, kisafi, kinadondosha maji, akakitazama mpaka Nimisha akadhani amezimia amesimamia magoti. Kisha yakaenda kwenye nyayo, moja baada ya nyingine, mpaka mlangoni. Miaka kumi alizifuta nyayo hizo kwa furaha, na hakujiuliza hata siku moja kwa nini ni za maji.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Mimi ndiye."

"Mama?" Nimisha alimshika bega.

"Mimi ndiye ninayemtuma! Kila jioni nampa kitunguu kina udongo. Kila jioni nampa, na yeye kila usiku anakwenda kukiosha." Sauti ilimpasuka, akaanguka kifudifudi juu ya zile nyayo, akazikumbatia sakafuni kana kwamba mtu anaweza kukumbatia maji. "Kila usiku anaingia kwenye ule mfereji! Miaka kumi, Edna, miaka kumi nimekutuma!"

Alilia kilio ambacho vibarua walikisikia mpaka shambani, wakasimamisha majembe. Nimisha alilia naye bila kuelewa yote. Maharaj, aliyekuwa amekasirika, aligeuza uso ukutani akaanza kusoma sala zake kwa sauti ya chini.

Alipoinuka, Antonia alikuwa mtu mwingine, ametulia kwa namna iliyowatisha. Alinawa uso. Alimvua Mataji gauni la ubatizo, akalikunja vizuri, akaliweka kifuani ndani ya blauzi yake. Nimisha akatoa sari ndogo nyekundu yenye nyuzi za dhahabu, wakamvisha pamoja, wakamvika maua. Maharaj alizungusha taa, akagonga kengele, akasema maneno ya kuaga. Alipomaliza aliinua mikono kumchukua.

"Hapana," alisema Antonia. "Nitampeleka mimi."

"Wewe ndiye uliyemtumikia," alisema Maharaj baada ya kufikiri. "Basi nenda wewe. Peke yako, mpaka ndani. Sisi tutasimama juu."

Kutoka kwenye ukingo wa bwawa kwenda majini kuna mteremko wa hatua kama kumi na tano, vumbi jeupe la magadi, laini kuliko unga. Hakuna aliyeukanyaga tangu siku ya msiba, watu hawachoti maji pale na mbuzi hawapendi chumvi yake. Upepo ulikuwa umekufa. Aloyce alisimama ukingoni, Nimisha na Maharaj kando yake, na Antonia akaanza kuteremka miguu mitupu, Mataji kwenye nyonga ya kulia kama mtoto anavyobebwa, mkono wa kushoto ukining'inia wazi.

Alizungumza njia nzima. Kule juu waliyasikia maneno, maana bonde lilikuwa kimya.

"Leo hakuna cha kuosha, mama yangu. Sikutumi popote. Siku ile nilikwambia uende peke yako. Leo tunakwenda wote, mimi na wewe, nimekushika."

Akaingia. Maji yakamfika magotini, kisha kiunoni. Alisimama hapo muda mrefu. Alikitoa kile kitunguu kwenye mfundo wa khanga, akakitupa mbali kwa nguvu zake zote, kikaanguka upande wa pili kwenye nchi kavu. Kisha akamteremsha Mataji taratibu, kwa mikono miwili, kama anavyomteremsha kwenye beseni, mpaka sari nyekundu ikapotea na mawimbi madogo yakaisha. Na kwa mshangao wa wote, mkono wake wa kushoto ulibaki chini ya maji kitambo zaidi, umefumbwa, kana kwamba umeshika kitu. Halafu vidole vikafunguka kimoja kimoja.

Aligeuka akapanda, nguo zimemganda, kichwa wazi. Hakutazama chini. Hakutazama nyuma. Alipita katikati yao, akakaa kwenye kivuli cha ukuta wa hekalu, akatoa lile gauni akaliweka mapajani.

Aloyce hakusogea. Alikuwa akiutazama mteremko. Nimisha akafuata macho yake, akashika mdomo. Kwenye vumbi jeupe zilionekana nyayo za Antonia zikishuka, kubwa, visigino vimezama kwa uzito aliobeba. Zilionekana nyayo zake zikipanda, zimelowa. Na upande wa kushoto wa zile zinazoshuka, ule wa mkono uliokuwa wazi, zilishuka nyayo nyingine sambamba nazo, ndogo, kavu safari hii, hatua mbili kwa kila hatua moja ya mama, zimetulia, hazina haraka. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikaa upande.

Zilifika majini. Zilizopanda zilikuwa za mtu mmoja.

Aloyce alisimama pale mpaka jasho likamtiririka machoni. Alikuwa mtu mzima, mwenyekiti, baba wa watoto watano, na alikumbuka alivyokuwa akimrusha juu mtoto huyo na kumdaka. Alimwogopa mama yake miaka kumi na miwili, wakati mama yake yuko kaburini. Aliiweka kofia chini, akatembea mpaka kwenye kivuli cha ukuta, akachuchumaa mbele ya shemeji yake. Akanyoosha mkono, ule mkono ambao mwiko ulimkataza, akaushika wa kwake uliolowa.

"Mama Edna," alisema.

Antonia aliinua uso. Midomo yake ilitafuta neno ambalo hakulitumia siku nyingi, ikalipata.

"Abee."